Shangazi, akili unde inamtii mwenzangu, mimi inanichezea

Shikamoo Shangazi,

Nimezoea kuisoma safu yako kwa ajili ya ndoa za watu wengine. Sikutegemea kwamba siku moja nitakuandikia, tena si kuhusu mume bali kuhusu programu ya kompyuta.

Mimi ni katibu muhtasi. Kazi yangu kubwa ni kumbukumbu za vikao, barua, na ripoti fupi za kila mwezi. Nimeifanya kwa miaka kumi na moja na hakuna aliyewahi kunirudishia karatasi. Mwaka huu bosi ameamua kwamba sote tutumie akili unde ili kuokoa muda. Muda upi, Shangazi? Barua niliyokuwa naiandika kwa dakika ishirini sasa inanichukua saa nzima, kwa sababu dakika arobaini nagombana na mashine.

Nikiiambia iandike ripoti, inaniletea kurasa tatu za maneno matamu yasiyo na kitu ndani. Nikisema fupisha, inakata yale niliyoyataka na kubakiza yale matamu. Nikisema si hivyo, inaniomba radhi kwa adabu kubwa, halafu inarudia kosa lile lile. Juzi nilifika ujumbe wa arobaini na kitu, nikaanza kuandika kwa herufi kubwa kama ninayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto.

Mambo mawili yameniumiza zaidi. Mwenzetu alikuwa anastaafu, nikaombwa niandae barua ya kumuaga. Nikaipa mashine kazi hiyo. Ikaandika kwamba "katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi" yeye alikuwa "nguzo imara na nyota ing'aayo". Nilipoisoma mbele ya watu, kuna waliocheka. Mwenyewe hakucheka.

La pili ni kumbukumbu za kikao. Niliipa madokezo yangu, ikayapanga vizuri sana, ila ikaongeza kwamba wajumbe "walikubaliana kwa kauli moja" kuahirisha ununuzi wa kompyuta. Hakuna aliyekubaliana na lolote. Mjadala uliishia hewani. Sikuona, nikasambaza. Sina haja ya kukueleza simu nilizopokea.

Halafu kuna kijana ninayekaa naye ofisi moja. Yeye anaandika mstari mmoja tu, anapata kitu safi. Aliniambia siri ni Kiingereza, kwamba Kiswahili programu hizi hazikijui. Nikahamia Kiingereza, na changu ni cha kuombea maji, matokeo yakawa mabaya zaidi. Nikanunua mtandaoni faili la "maelekezo mia tano ya dhahabu". Karibu yote yanaanza na "Wewe ni mtaalamu wa kiwango cha dunia mwenye uzoefu wa miaka thelathini". Nimeyajaribu. Sasa mashine inaniandikia upuuzi ule ule, ila kwa kujiamini zaidi.

Maelekezo yangu ya mara ya mwisho, neno kwa neno, yalikuwa haya: "Andika ripoti nzuri ya kikao. Iwe ya kitaalamu. Usiweke maneno mengi." Hapo kuna kosa gani? Ni mimi niliye mzito, au kuna kitu wenzangu wanakijua? Na je, ni kweli kwamba ukiiambia "tafadhali" inafanya vizuri zaidi?

Wako,
Katibu Aliyechoka

*

Marahaba binti yangu,

Ndoa za watu zitusubiri kidogo. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Wewe unayesema hujui kutoa maelekezo umeniandikia mimi maelekezo mazuri kuliko yote niliyopokea mwezi huu. Umeniambia wewe ni nani, kazi yako ni ipi, umejaribu nini, kimeharibika nini, na maswali unayotaka nijibu ni yapi. Ukaniwekea na mfano neno kwa neno. Sikulazimika kukisia chochote. Sasa hesabu ulichoipa mashine: maneno kumi na moja.

Mimi ulijua kwamba sikujui wala sijawahi kukanyaga ofisini kwenu, ukaanza mwanzo. Mashine umeichukulia kama mtu aliyekaa nawe dawati moja miaka yote hiyo. Karibu kila kilichokusibu kimetoka hapo.

Kabla sijaanza kujibu barua nilikuwa mhariri, na nusu ya kazi ya mhariri ni kutuma watu. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia mwandishi mgeni aniletee habari fupi ya mkutano wa walimu. Akaleta mistari mitatu. Mimi nilikuwa nimeacha nafasi ya maneno mia nne. Nikamfokea, naye akaniuliza kwa upole, "Fupi ni ngapi, mama?" Sikuwa na jibu. Kipimo cha fupi kilikuwa kichwani mwangu, na huko hakuwa na pa kuingilia. Akili unde ni kama mwandishi mgeni yule, isipokuwa yenyewe mara nyingi haiulizi "ni ngapi?". Inakisia na kuendelea.

Na inakisia kwa kutumia nini? Nyingi ya programu hizi zimejengwa juu ya usanifu ambao watafiti wa Google waliuchapisha mwaka 2017. Zinasomeshwa maandishi mengi kupita kiasi ili zijifunze kukadiria neno, au kipande cha neno, kinachoelekea kufuata. Ukiiambia "ya kitaalamu" ukanyamaza, inakupa kitu kinachofanana na maandishi mengi ya aina hiyo iliyowahi kuyapitia, na ndipo unapokutana na ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi. Haijakudharau. Umeomba wastani, umepewa wastani. Neno "nzuri" nalo halina mwenyewe: mkurugenzi wako akilitamka ana maana yake, mimi nina yangu. "Usiweke maneno mengi" ndilo lililoharibu zaidi, kwa sababu linasema usichotaka na kukiacha unachotaka kikining'inia.

Kwa hiyo nimejaribu kuandika upya maelekezo yako, kwa kutumia mambo uliyoniambia mwenyewe na machache niliyoyabuni. Rekebisha panapokosewa:

"Nataka uandike kumbukumbu za kikao cha idara. Watakaozisoma ni wajumbe waliokuwepo, pamoja na mkurugenzi ambaye hakuwepo. Yeye anatafuta mambo mawili tu: kimeamuliwa nini, na nani anatakiwa kufanya nini kufikia tarehe gani. Tumia madokezo niliyoyabandika hapa chini, na hayo peke yake. Kwa kila ajenda andika aya moja isiyozidi sentensi nne, kisha mstari wa Uamuzi, kisha mstari wa Mhusika na Tarehe. Pale ambapo madokezo hayaonyeshi uamuzi, andika: Hakuna uamuzi uliofikiwa. Kila unapoandika uamuzi, nakili chini yake sentensi ya madokezo ulikoutoa. Kama kuna kifupisho au jina usilolielewa, niulize kabla hujaanza. Mtindo wa lugha uwe kama wa mfano huu:"

Hapo ubandike aya mbili za kumbukumbu ulizoandika mwenyewe zamani, halafu madokezo ya kikao.

Utaona hakuna neno la ajabu hata moja. Ni mambo ambayo ungemwambia katibu mpya siku yake ya kwanza kazini, kabla hujamwachia funguo. Ila kuna sehemu mbili nitakaa nazo kidogo.

Ya kwanza ni huyo mkurugenzi asiyekuwepo. Watu wengi wanasahau kusema msomaji ni nani, wakati ndiye anayeamua mambo mengine yote. Ukishasema mkurugenzi anatafuta maamuzi na wahusika, huhitaji tena kusema "usiweke maneno mengi", kwa kuwa sasa mashine ina kipimo cha kujua lipi ni la ziada. Na ukitaka ufupi, taja sentensi au aya. Programu hizi si hodari wa kuhesabu maneno. Ukisema maneno mia mbili unaweza kuletewa mia tatu. Sentensi nne huwa inazishika vizuri zaidi.

Ya pili ni mfano. Mwaka 2020, kampuni ya OpenAI ilipoitangaza GPT-3, programu yake ya akili unde, jambo moja lililowashangaza watu ni kwamba ukiiwekea mifano michache ndani ya maelekezo yenyewe, ilifanya kazi nyingi vizuri zaidi bila kufunzwa upya. Hilo ndilo lako, binti yangu. Unaweza kutumia nusu saa kueleza lugha ya ofisi yenu ikoje, na bado usifike. Bandika aya mbili, inaiona. Una miaka kumi na moja ya karatasi ambazo hakuna aliyezirudisha, halafu umeenda kununua faili la mtu asiyejua hata unafanya kazi gani!

Tukiwa hapo hapo kwenye faili, acha nilimalize. Zile ni hirizi za maneno. Kuiambia mashine kwamba ni mtaalamu wa miaka thelathini kunaweza kubadilisha sauti inayoandikia, na wakati mwingine hilo linasaidia, lakini hakuiongezei taarifa ambayo haina. Haijui mjadala wa kompyuta uliishia hewani. Hata ukiipa uzoefu wa miaka mia haitajua, mpaka uiambie. Hirizi hizi hazikutoka hewani lakini. Mwaka 2022 watafiti waligundua kwamba kuongeza sentensi moja tu, kitu kama "tufikiri hatua kwa hatua", kuliongeza sana usahihi wa programu za wakati ule kwenye maswali ya hesabu na mantiki. Ilikuwa kweli kwa maswali ya aina hiyo. Wauzaji wakaibeba, wakaipaka dhahabu, wakaiuza kama dawa ya kila ugonjwa. Programu mpya nyingi siku hizi zinaipitia kazi hatua kwa hatua zenyewe kabla ya kujibu, kwa hiyo sentensi ile haina tena nguvu iliyokuwa nayo.

Sasa "kauli moja" iliyokuletea simu. Hili ndilo nataka ulielewe vizuri, kwa sababu litakurudia.

Wazee walisema lisemwalo lipo. Kwa mashine hii, lisemwalo ni lile tu linaloelekea kusemwa. Kumbukumbu za vikao karibu zote duniani zina maamuzi. Madokezo yako yalikuwa na mjadala mrefu usio na mwisho, na umbo la kumbukumbu lilikuwa linadai mwisho. Ikaujaza. Haikukusudia kudanganya, iliziba tundu kwa kitu ambacho kwa kawaida hukaa kwenye tundu la aina ile, kwa sentensi safi kama zile za kweli zilizo juu na chini yake. Ndiyo maana hukuona. Uongo wa mtu mara nyingi una kigugumizi, wa mashine hauna.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Kwanza ipe ruhusa ya kusema hakuna, kama nilivyokuandikia: "Hakuna uamuzi uliofikiwa." Bila ruhusa hiyo inadhani lazima kila sanduku lijazwe. Pili, ile amri ya kunakili sentensi ya madokezo chini ya kila uamuzi. Hapo unashuka na kidole: uamuzi huu, sentensi yake hii, ipo kwenye madokezo yangu? Ipo. Wa pili? Haipo, futa. Ukimaliza, ondoa zile sentensi za ushahidi ndipo usambaze. Hata ukiwa na maelekezo bora namna gani usiache kupitia majina, tarehe na tarakimu kwa macho yako mwenyewe. Maelekezo yanapunguza uzushi. Hayaumalizi.

Tena usiiulize yenyewe kama ilichoandika ni kweli. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya hati iliyowasilishwa mahakamani kukutwa na kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. Programu ya akili unde iitwayo ChatGPT ndiyo iliyozitunga. Mmoja wao alikuwa ameiuliza programu kama kesi mojawapo ni ya kweli, ikamjibu kwamba ni ya kweli. Ni kama kumuuliza mshtakiwa hukumu yake mwenyewe. Madokezo yako ndiyo shahidi, si mashine.

Kuhusu ule ugomvi wa ujumbe arobaini, nilicheka, nisamehe, kwa sababu nami nimeshafika thelathini na mbili. Kuna jambo la kiufundi hapa linalostahili kujulikana. Kila unapotuma ujumbe mpya, programu huyapitia upya mazungumzo yaliyotangulia, pamoja na rasimu zake zote mbovu na malalamiko yako. Wewe unadhani umeiambia "achana na yale". Yale bado yako mbele yake, tena sasa ni mengi kuliko maelekezo yenyewe. Ukikataa rasimu mara mbili na ya tatu bado ni mbovu, usiandike ya nne. Fungua mazungumzo mapya, chukua maelekezo yako ya kwanza, na uyatie ndani yale uliyoyagundua kwenye ugomvi. Kama uligundua kwamba inakata majina ya wahusika unaposema fupisha, maelekezo mapya yaseme: punguza maelezo ya mjadala, majina ya wahusika na tarehe yabaki yote. Na kukosoa nako kuwe na anwani. "Si hivyo" haina. "Aya ya tatu imerudia ya kwanza, iondoe, nyingine ziache zilivyo" inayo.

Herufi kubwa ziache, zinakupandishia presha wewe peke yako. Na madokezo yakiwa marefu sana, rudia amri yako kuu kwa mstari mmoja mwishoni, baada ya madokezo. Yaliyo katikati ya maandishi marefu ndiyo yanayopotea kirahisi zaidi.

Tuje kwa kijana. Sitaki kumsema vibaya, ila mwombe siku moja akuonyeshe skrini nzima, si ule mstari mmoja. Nadhani utakuta kitu kimoja kati ya hivi: mstari ule unafuata mazungumzo marefu aliyoanza asubuhi, au amebandika waraka mzima chini yake, au amehifadhi kwenye mipangilio ya programu maelezo ya kudumu kuhusu kazi yake na namna anavyopenda kujibiwa. Programu kadhaa zina sehemu hiyo. Nawe itafute kwenye yako, uandike mara moja kwamba wewe ni katibu muhtasi, unaandika Kiswahili cha ofisi, hutaki mapambo, unataka uulizwe pale taarifa zinapopungua. Hayo hutayarudia kila siku.

Na siri yake ya Kiingereza ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya maandishi yaliyozisomesha programu hizi ni ya Kiingereza, na Kiswahili chake utakikuta kigumu, kama kilichovuka daraja la tafsiri. Hata namna zinavyosoma maneno inatubana kidogo: neno kama "hatukuwaambia", lenye sentensi nzima tumboni, hukatwakatwa vipande kadhaa kabla halijasomwa. Lakini angalia kilichokutokea wewe. Ulipohamia Kiingereza hukuyatafsiri maelekezo yako, uliyapunguza. Mtu mwenye Kiingereza cha kuombea maji anaishia kuomba maji tu. Hawezi kueleza kwamba mkurugenzi hakuwepo, kwamba mjadala haukuisha, kwamba Uamuzi ukae mstari wake. Kwa lugha yako ungeyasema yote hayo bila kufikiri. Programu kubwa za sasa zinaelewa Kiswahili cha kutosha kwa kazi kama yako. Andika Kiswahili, andika kwa urefu, bandika mfano wa Kiswahili, kisha uipe maneno ya nyumbani kwenu: tunasema mjumbe, si mshiriki, tunasema ajenda, si hoja ya majadiliano. Ukipata sentensi inayonuka tafsiri, irekebishe wewe. Hiyo ni dakika mbili, na ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna atakayekushinda.

Nikiwa bado sijasahau: kumbukumbu za vikao zina mambo ya watu ndani yake. Nani amepewa onyo, nani anaumwa, mshahara wa nani umechelewa. Uliza ofisini kwenu kama mmeruhusiwa kuyapeleka hayo kwenye programu ya nje, na hata mkiruhusiwa, mahali pa jina weka Mjumbe A na Mjumbe B. Majina utayarudisha mwenyewe baadaye.

Kazi nyingine usiipe kabisa. Kama kueleza unachotaka kutachukua muda mrefu kuliko kukiandika, kiandike. Barua ya mistari mitano ya kuomba vifaa, ambayo umeiandika mara themanini, haihitaji mashine, na bosi akiuliza mwambie Shangazi amesema. Ipe kazi zile zenye malighafi nyingi na umbo linalojulikana: madokezo ya saa mbili yaliyochanganyikana, ripoti tatu za kuunganishwa kuwa moja, jedwali la kugeuzwa kuwa maelezo.

Kuhusu "tafadhali": haitageuza maelekezo mabovu kuwa mazuri. Mimi huisema kwa sababu mikono yangu imezoea kuiandika, na sitaki izoee kuacha nikija kuwaandikia watu.

Limebaki la mstaafu. Mashine iliandika nguzo na nyota kwa sababu hukuiambia hata jambo moja kumhusu. Ungeiambia matatu, pengine ingekuwa barua ya kusomeka. Lakini wewe umekaa naye ofisi moja. Unajua alivyokuwa anakohoa kabla ya kuzungumza kwenye kikao, au ni nani alikufundisha kupanga mafaili, au siku ile aliyokutetea. Sijui ni lipi kati ya hayo, wewe unalijua. Unasema hakucheka. Mwandikie nyingine sasa, kwa kalamu ukiweza, mistari sita inatosha, na umpelekee mwenyewe.

Shangazi